Utafiti wa UKIMWI Usiishie Makabatini

Katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti ipo desturi inayofahamika kwa kila mtumishi aliyewahi kuketi katika kamati ya kuajiri au ya kupandisha vyeo. Mtafiti huleta mbele ya kamati orodha ya machapisho yake. Orodha hiyo hutaja makala, majarida yaliyozichapisha, miaka zilipotoka na majina ya walioshirikiana kuziandika. Kamati huhesabu. Mwenye makala arobaini humpita mwenye makala kumi na tano, na aliyechapishwa katika jarida mashuhuri la London au la Boston huwapita wote wawili.

Desturi hiyo ina manufaa yake. Inazuia vyeo kutolewa kwa kujuana au kwa wingi wa miaka ya kukaa kazini, na inamlazimisha msomi aonyeshe kazi aliyoifanya. Lakini katika utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, na hasa utafiti wa UKIMWI, hesabu hiyo peke yake haitoshi. Kila tarakimu iliyomo katika makala ya namna hiyo imetokana na mwananchi aliyeacha shamba lake, akanyoosha mkono achomwe sindano, akajibu maswali ambayo asingeyajibu hata mbele ya ndugu yake, kisha akarudi nyumbani bila cheo wala jina lake kuandikwa popote. Kwa sababu hiyo orodha ya machapisho ya mtafiti wa UKIMWI ni daftari la deni. La kujiuliza ni kama deni hilo limelipwa.

Deni la aina hiyo hulipwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutangaza yote yaliyoonekana, yakiwamo yale yaliyoshindikana. Ya pili ni kuyarudisha matokeo kwa watu waliyoyatoa, katika lugha wanayoielewa. Hapa Tanzania upo mfano unaoonyesha jinsi njia ya kwanza ilivyofuatwa kwa uaminifu, na jinsi ya pili inavyohitaji kazi kubwa zaidi. Mfano huo ni wa Mwanza.

DAFTARI LA MWANZA

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walionekana Mkoa wa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 upimaji wa damu uliofanywa na watafiti katika mkoa huo ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya kila 100 walikuwa na virusi, ambapo katika wilaya za Ngara na Biharamulo hawakufika hata mmoja kati ya 100. Ugonjwa ulikuwa mmoja na mkoa ulikuwa mmoja, lakini hali zilitofautiana mno. Jambo hilo yafaa likumbukwe, maana litahitajika baadaye.

Miaka hiyo mgonjwa wa kijijini hakuwa na dawa yoyote ya kupunguza makali ya virusi. Ndipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kushirikiana na shirika la AMREF na Chuo cha London cha Afya na Tiba ya Nchi za Joto, ilipojiuliza swali la kiutendaji kabisa. Ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba mtu mwenye kidonda au usaha unaotokana na ugonjwa mwingine wa zinaa huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi, na huviambukiza kwa urahisi zaidi. Je, zahanati za vijijini zikiwezeshwa kutibu vizuri kaswende, kisonono na magonjwa ya jamii hiyo, maambukizi ya UKIMWI yatapungua?

Kuanzia mwaka 1991 zilichaguliwa jamii 12 za vijijini katika Mkoa wa Mwanza, zikapangwa katika jozi sita. Katika kila jozi jamii moja ilipata huduma iliyoboreshwa, na ya pili ikabaki na huduma ya kawaida ili pawe na kipimo cha kulinganisha. Huduma yenyewe haikuwa ya ajabu. Waganga na wauguzi waliokuwapo walifundishwa kumtibu mgonjwa kwa kufuata dalili zake bila kusubiri maabara. Dawa zilipelekwa bila kukatika. Wasimamizi walizitembelea zahanati mara kwa mara. Na wananchi walielezwa umuhimu wa kwenda kutibiwa mapema.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Agosti mwaka 1995. Watu wazima 12,537 walikuwa wameandikishwa, na 8,845 kati yao walionekana tena baada ya miaka miwili. Miongoni mwa wasiokuwa na virusi hapo mwanzo, katika jamii zilizopata huduma bora waliambukizwa watu 48 kati ya 4,149. Katika jamii nyingine waliambukizwa 82 kati ya 4,400. Baada ya tofauti za jozi kusawazishwa kwa hesabu, ilionekana kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa asilimia 42. Makala nyingine iliyofuata mwaka 1997 ilikadiria kwamba kumwepusha mtu mmoja na virusi kwa njia hiyo kuligharimu kiasi cha dola 218 za Marekani.

Mtafiti aliyetajwa wa kwanza katika makala ya mwaka 1995 alikuwa Heiner Grosskurth, na wa pili Frank Mosha. Baada yao yalifuata majina mengine mengi, yakiwamo ya Mwijarubi, Senkoro na Changalucha. Dunia nzima ilizungumza juu ya Mwanza. Kwa mtafiti anayetazama cheo tu, hapo palikuwa mahali pazuri pa kusimama na kupokea pongezi maisha yake yote.

YALIYOSHINDIKANA

Lakini daftari halikufungwa hapo. Mwaka 1999 jarida lile lile lilichapisha matokeo ya Rakai, nchini Uganda. Huko kila mtu mzima katika vijiji vilivyochaguliwa alipelekewa dawa za magonjwa ya zinaa nyumbani kila baada ya miezi kumi, awe na dalili au asiwe nazo. Kaswende ilipungua, lakini UKIMWI haukupungua: katika pande zote mbili maambukizi mapya yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Mwaka 2003 utafiti mwingine wa Uganda, wa Masaka, nao haukuonyesha kupungua kwa maambukizi ya UKIMWI.

Wapo waliotoka mbio na kusema kwamba Mwanza ilikosea. Wengine walidai kwamba Rakai ndiyo iliyokosea. Waliosoma makala zote kwa utulivu waliona jambo la tatu. Mwanza, utafiti ulipoanza, watu wazima wapatao wanne kati ya 100 walikuwa na virusi. Rakai walikuwa kama 16. Pale ambapo virusi vimekwisha kuenea kiasi hicho, watu wengi huambukizwa ndani ya ndoa na uhusiano wa kudumu, hata pasipo kidonda wala usaha. Tena Mwanza mgonjwa alitibiwa siku alipougua, ambapo Rakai dawa zilipita kila baada ya miezi kumi, na maradhi yakapata nafasi ya kurudi katikati. Tofauti iliyoonekana kati ya Bukoba na Ngara mwaka 1987 ilikuwa imejitokeza tena katika sura nyingine. Dawa ile ile haifanyi kazi ile ile kila mahali na kila wakati.

Baadaye watafiti wa kanda hiyo hiyo ya ziwa walitia shaka juu ya malengelenge ya sehemu za siri, ambayo hayatibiki kwa dawa za kaswende wala za kisonono. Wanawake 821 waliokuwa wakifanya kazi katika baa, nyumba za wageni na mahali pa kuuzia chakula, wote wakiwa na virusi vya malengelenge lakini hawana vya UKIMWI, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya asikloviri kila siku, na la pili vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika New England Journal of Medicine. Walioambukizwa virusi vya UKIMWI katika kundi la dawa walikuwa 27, na katika kundi la pili walikuwa 28. Tumaini lililokuwa limewekwa juu ya dawa hiyo liliporomoka, na likaporomoka hadharani, mbele ya dunia iliyokuwa imeipongeza Mwanza miaka 13 kabla.

SOMO LA DARASANI

Matokeo yanayowagusa walimu moja kwa moja ni ya mradi ulioitwa Mema kwa Vijana. Mradi huo ulianza kazi mwaka 1999 katika Mkoa wa Mwanza. Jamii 20 zilihusika, na katika 10 kati ya hizo walimu wa shule za msingi 62 walifundishwa kutoa masomo ya afya ya uzazi kwa darasa la tano, la sita na la saba, wakisaidiwa na wanafunzi wenzi. Wahudumu wa vituo vya tiba 18 nao walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya miaka mitatu. Vijana waliofundishwa walikuwa na ujuzi mkubwa zaidi kuliko wenzao, na baadhi ya mienendo waliyoieleza wenyewe ilikuwa imebadilika. Lakini vipimo vya damu havikuonyesha kwamba maambukizi yalikuwa yamepungua kwa namna ya kuaminika. Watafiti hawakukata tamaa. Mwaka 2007 na 2008 walirudi tena na kuwapima vijana 13,814 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 30. Makala ya mwaka 2010 ilieleza kwamba ujuzi ulikuwa bado umo vichwani baada ya miaka yote hiyo, lakini UKIMWI na malengelenge vilikuwa sawasawa katika pande zote mbili.

Mwalimu anaweza kuyasoma maneno hayo akavunjika moyo. Haifai. Kazi ya mwalimu ni kufundisha, na makala hizo zinathibitisha kwamba somo lilishika na likadumu miaka mingi, jambo ambalo masomo mengine mengi ya darasa la saba hayawezi kujivunia. Kilichoshindikana ni matumaini kwamba mtoto akijua, basi amekwisha kukingwa. Msichana wa miaka 15 anaweza kujibu kila swali la mtihani kuhusu UKIMWI, na bado akakosa nguvu ya kumkataa mtu mzima mwenye fedha, ikiwa kijiji kinachomzunguka kinaliona jambo hilo kuwa la kawaida. Watafiti wenyewe waliandika kwamba elimu ya vijana ina nafasi zaidi ya kufanikiwa ikiunganishwa na kampeni inayoigusa jamii nzima. Kwa maneno mengine, mwalimu alifanya sehemu yake, akaachiwa na sehemu ya wazazi, ya viongozi wa kijiji na ya wanaume watu wazima.

MFICHA MARADHI

Ni dhahiri kwamba makala za mwaka 2007, 2008 na 2010 hazikuwapa waandishi wake sifa kama ile ya mwaka 1995. Majarida hupenda ushindi, na wenye kutoa fedha hupenda ushindi zaidi. Duniani kote ziko tafiti nyingi zilizoshindwa ambazo wenyewe walizifungia kabatini, wakaendelea na jambo jingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika elimu ya tiba anayeumbuliwa kwanza si mtafiti aliyeficha. Ni mgonjwa wa nchi nyingine anayepewa dawa ambayo tayari iliwahi kujaribiwa pengine na kuonekana haifai. Na ni hazina ya serikali inayonunua dawa hiyo kwa kodi ya wakulima.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza kushindwa kunawatia wananchi shaka na kuwafukuza wafadhili. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa ni kweli kwamba baada ya Rakai walikuwapo walioona hakuna haja tena ya kugharimia tiba ya magonjwa ya zinaa. Lakini kosa hilo lilitokana na kusoma makala moja na kuziacha nyingine. Kaswende humuua mtoto tumboni, na kisonono huleta utasa. Tiba yake ni haki ya mgonjwa hata kama isingezuia UKIMWI wa mtu mmoja. Mtumishi wa wizara anayepanga bajeti kwa kufuata makala ya mwisho iliyomfikia mezani anafanana na karani anayefunga hesabu za mwaka kwa kutazama ukurasa wa Desemba tu.

FOMU NA MAJIBU

Njia ya kwanza ya kulipa deni, basi, Mwanza iliifuata. Ya pili ndiyo yenye mashaka, na mashaka hayo si ya Mwanza peke yake. Mtafiti anapokwenda kijijini kuomba damu, sheria na maadili ya kazi humtaka aeleze nia yake kwa lugha ya mwenyeji. Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili, husomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na mwananchi hutia sahihi au dole gumba. Lakini kazi inapokwisha, majibu huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa katika jarida la ng'ambo. Damu iliombwa kwa Kiswahili. Majibu yametolewa kwa Kiingereza.

Ni kweli kwamba Kiingereza ndicho kinachowawezesha wataalamu wa India, Brazili na Uganda kuikosoa kazi ya Mwanza, na pasipo ukosoaji hakuna elimu. Hakuna anayetaka makala hizo zifutwe. Ni kweli vile vile kwamba baadhi ya majarida, kama lile lililochapisha makala ya mwaka 2010, husomwa bure na yeyote. Lakini mlango ulio wazi haumsaidii asiyejua lugha inayozungumzwa ndani. Mganga wa zahanati aliyeandika majina ya wagonjwa kwa mkono wake, na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa la sita, walistahili kupata maelezo yanayosomeka ya yale waliyoyatolea jasho.

Dawa ya kasoro hii haihitaji fedha nyingi. Kamati zinazotoa vibali vya utafiti zinaweza kumtaka kila mtafiti, anapowasilisha taarifa yake ya mwisho, aambatanishe muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, na kuufikisha katika kata, zahanati na shule zilizohusika. Kamati za vyeo nazo zinaweza kuuhesabu muhtasari huo kuwa ni kazi, ili msomi asione kwamba amepoteza wakati. Zinaweza pia kumuuliza mtafiti swali ambalo kwa kawaida haulizwi: ni jambo gani ulilolitazamia lisitokee, na je, ulilichapisha? Jibu la swali hilo litaeleza zaidi juu ya mtu huyo kuliko hesabu ya makala arobaini.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu wa hisabati hawezi kukosa mfano wa asilimia ikiwa ataandika ubaoni 48 kati ya 4,149 na 82 kati ya 4,400, akawaachia wanafunzi wakokotoe. Watapata upungufu wa asilimia kama 38, nao watauliza kwa nini makala imesema 42. Hapo watajifunza kwamba jamii mbili hazikuanza zikiwa sawasawa, na kwamba hesabu ya kweli haina budi kuitazama tofauti hiyo. Kijana aliyejifunza hivyo hatadanganywa kirahisi na muuza dawa wa mtaani, wala na mtu yeyote anayetaja asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.

DENI LA LEO

Mambo yamebadilika tangu mwaka 1991. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa nchini kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni habari njema kupita kiasi. Lakini wasichana hao nao walinyoosha mikono yao, wakaamini ahadi waliyosomewa. Wao na wenzao wanastahili kujua walichokipatia ulimwengu, na wanastahili kuipata sindano hiyo kwa bei ambayo zahanati ya kijiji inaweza kuimudu.

Wahenga walisema tena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watafiti wa Mwanza waliandika katika daftari lao ushindi mmoja mkubwa na kushindwa kadhaa, vyote kwa wino ule ule, na kwa hilo wanastahili heshima. Lililobaki ni daftari hilo lisomwe na wale ambao damu yao ndiyo iliyoliandika. Kazi hiyo ni ya watafiti, lakini ni ya watumishi wa serikali na walimu pia, kwa kuwa wao ndio wanaozijua lugha zote mbili, na ndio wanaokutana na mwananchi kila siku.